Ndege Waliojua Kengele

Sista Imakulata alinikuta sokoni Dodoma napima uwele, na kwa kuwa alisimama pembeni akasubiri pishi ijae bila kunikatiza, nikajua amekuja na msiba. Mwenye habari njema hasubiri pishi. Akaniamkia shikamoo, akashika ukingo wa meza yangu, akasema Sista Notburga ametutoka juzi alfajiri na maziko ni kesho. Nikamwuliza amekufaje. Mtu wa umri wangu huuliza hivyo kama msafiri anayeulizia hali ya barabara. Akasema amekufa vizuri, ila siku ya mwisho sauti ilimkauka, na kuna jambo moja ambalo limewatatiza watawa wote pale nyumbani.

"Neno la mwisho tulilolisikia ni jina lako, Bibi. Mwanaidi. Baada ya hapo akawa anainua vidole tu. Sita. Halafu tena sita. Tukaona anataka mishumaa kumi na miwili."

"Mkaiwasha?"

"Tuliiwasha yote. Akacheka, Bibi. Mtu anakata roho, na anacheka."

Nilimwambia nitakuja kuzika, na habari ya mishumaa tutaizungumza hukohuko. Alipoondoka nikarudi kwenye pishi yangu, nikakuta sijui nimefikia ya ngapi. Mteja akaniambia ya nne. Nimeuza nafaka miaka mingi kuliko umri wa mteja yule na sijawahi kumwamini mnunuzi anayenitajia hesabu, lakini siku ile nilikubali nne, nikamfungia mzigo wake akaenda. Usiku nilipopima gunia niligundua zilikuwa tano. Namsamehe. Notburga angesema naye alikuwa na njaa.

Kuhusu ukoo wangu, wanaohitaji kuujua wanaujua, na wasioujua hawajapungukiwa. Nianzie pale ambapo Mjerumani alikuwa ndiyo kwanza ameifikisha reli Dodoma, na mimi, msichana wa miaka kumi na sita hivi, nilikuwa nauza chumvi kwa kubadilishana na chochote ambacho mtu anacho. Nilisikia kwamba kati ya Ipagala na Nzuguni wamefika wanawake wa Kizungu wasio na waume, masista Wabenediktini, ambao wanalima kwa mikono yao wenyewe. Habari ya kutokuwa na waume haikunishangaza. Ya kulima ilinishangaza, kwa sababu Wazungu niliokuwa nimewaona mpaka siku hiyo walikuwa wanalimiwa. Nikajitwika chumvi nikaenda. Walikuwa tisa. Niliwahesabu mara mbili, maana katika nguo zile mtu mmoja angeweza kupita mbele yako mara mbili ukamwandika wawili. Mkubwa wao, Mama Mkuu Wilhelma, mwembamba, mwenye miwani, akauliza bei. Nikasema mayai kumi kwa kibaba, nikitarajia aseme manne ili tukutane kwenye sita. Akahesabu mayai kumi, akanipa, akasema asante.

Niliondoka nimeudhika mpaka ndani ya mifupa. Bei si mayai tu. Bei ni mazungumzo, ni kuulizana hali, ni kumtukana mwenzako kwa heshima na kuapa kwamba unauza kwa hasara, na yule mama alikuwa ameninyima vyote hivyo akanilipa kama anayelipa faini bomani. Nilifika nusu ya njia, nikarudi. Nikamwambia akiendelea kununua namna hii ataliwa na nchi nzima kabla mvua hazijanyesha, na kwamba anahitaji mtu wa kumsemea, anayejua Kiswahili na Kigogo na uongo wa lugha zote mbili. Tukapatana mwaka mmoja, mvua hadi mvua: mimi niwasemee na kulima pamoja nao, wao wanipe chakula, kitanda na kunifundisha kusoma. Ndiyo maana leo naandika haya mwenyewe na simlipi karani.

Nyumba yao ya kwanza ilikuwa tembe, ile nyumba ndefu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, na waliigawa kwa kuta za fito hata ukikohoa chumba cha kwanza, cha mwisho wanakuombea. Chumba nilichokipenda ni cha kulia. Palikuwa na meza moja ndefu ya mbao zilizobaki relini, mabakuli ya mbao, na harufu ya mlenda ambayo masista waliichukia kwa miezi miwili, kisha wakawa hawali ugali bila huo mlenda. Hakuna aliyesema wakati wa kula. Mmoja alisoma kitabu kwa sauti na wengine waliombana chakula kwa ishara: maziwa, unavuta kidole kidogo kama unakamua; chumvi, unasugua vidole viwili; mkate, unachora duara, ingawa mkate wenyewe tuliuona kwa nadra. Hesabu ilikuwa ni vidole. Mimi niliyezaliwa sokoni nilidhani nitakufa kwa kimya kile, na nilikuwa naongea peke yangu kwenye banda la kuku ili ulimi usigande. Kuku walikuwa wasikilizaji wazuri kuliko wengi niliowapata baadaye.

Wao walisali mara saba mchana na mara moja kabla ya jogoo. Mimi ni Mwislamu, nina tano. Mama Mkuu hakuwahi kunisemesha neno juu ya hilo. Siku ya pili nilikuta mkeka mpya umetandikwa kwenye kona ya ghala, na aliyeutandika alikuwa ameuliza watu mjini uelekee wapi, kwa sababu ulikuwa umeelekea sawasawa. Baadaye nilijua ni Notburga. Alikuwa binti wa wakulima huko kwao, mpana kama mlango, mikono kama ya fundi wa reli, na Kiswahili alijifunza kwangu, kwa hiyo alikisema kama mchuuzi. Mgeni akileta boga, Notburga alimwambia, "Mwenyezi Mungu anakuona," kwa sauti niliyomfundisha mimi, na boga lilishuka bei palepale.

Kila mwezi alikuja Padre kuwasomea misa. Alikuwa wa taifa jingine, na Kijerumani chake kilikuwa kibovu kuliko Kiswahili chake, hivyo yeye na Mama Mkuu walizungumza Kiswahili, na ukuta wa fito haujui siri. Ndivyo nilivyosikia, nikichambua karanga upande wa pili, kwamba Askofu amechoka kuwaletea chakula kutoka pwani. Padre alisema kwa upole, kama daktari. Nyumba ijilishe yenyewe. Mavuno yakijaza vilindo vinane, watabaki. Yakipungua, nyumba itafungwa na masista watarudishwa pwani kushona nguo za kanisa. Kilindo ni lile pipa la magome ya mti ambalo Wagogo huwekea nafaka, refu kama mtu. Vinane. Nilisikia tu kiti kikisogezwa, kisha kengele, kisha wakaenda kusali. Nilipomwuliza Notburga shambani kama angependa kushona, alitazama mikono yake, akaitazama tena, akaendelea kupalilia.

Uwele ulikubali mwaka ule. Mvua zilikuja kwa wakati, na jirani yetu Mama Nyemo, Mgogo wa pale pale, mwanamke mwenye kicheko cha kuogopesha fisi, alitufundisha nafasi ya mashimo na namna ya kujenga dungu, lile jukwaa la miti analopanda mtu kufukuza ndege. Kila asubuhi alipita akatuamkia mbukwa kwa Kigogo, akatazama masista waliokunja sketi nyeusi wakilima kwa jembe la mkono, akatikisa kichwa na kusema hajapata kuona wajane wenye furaha namna hii. Masuke yakatoka, yakajaa maziwa. Hapo wakaja kweleakwelea, ndege wadogo ambao mmoja wao hawezi kumaliza punje mbili na wote pamoja wanamaliza shamba. Tuliwafukuza kutwa kwa makombeo na makopo ya mawe. Na bado kila jioni masuke yalikuwa yamepungua.

Nikaanza kuhesabu. Nilichagua mstari mmoja nikahesabu masuke mazima asubuhi, nikahesabu tena kabla ya sala ya adhuhuri, yote yapo. Nikahesabu baada ya sala: kumi na tisa yamebaki vijiti. Nikadhani nimekosea, nikahesabu upya. Kesho yake hivyohivyo, na baada ya sala ya saa tisa hivyohivyo. Siku ya nne aliyepiga kengele alichelewa, alikuwa na jipu mguuni, na mimi nikiwa juu ya dungu nikatazama migunga iliyozunguka shamba. Ilikuwa imejaa. Maelfu ya ndege, kimya, wametulia matawini kama waumini. Wanasubiri. Kengele ikalia, masista wakaweka makombeo chini wote kwa pamoja kama Kanuni yao, kile kitabu cha sheria za utawa wao, inavyotaka, wakakunjua sketi, wakapanga mstari kwenda kanisani, na migunga ikamwagika shambani. Wale ndege walikuwa wamejifunza kengele kwa wiki moja. Mimi ilinichukua mbili. Mama Nyemo nilipomweleza alikaa chini kabisa kwa kucheka, akasema masista wetu wamefuga ndege bila zizi na wanawaita kula kwa kengele.

Nilikwenda kwa Mama Mkuu na kikapu cha masuke matupu, nikakiweka mezani juu ya kitabu chake. Nikamweleza. Nikamwomba sala ya adhuhuri na ya saa tisa wazisalie shambani mpaka mavuno. Akasema kazi ya Mungu, ndivyo walivyoziita sala zao, haitanguliwi na kitu. Nikamwambia sisi tuna tano na mbingu hazijatuangukia, kwa hiyo yeye akibaki na tano za mchana kanisani bado hajapungukiwa. Akavua miwani, akaifuta, akafungua Kanuni, akanisomea akitafsiri: wanaofanya kazi mbali na kanisa na wasioweza kufika, wasali palepale walipo. Nikashika kikapu changu niondoke. Kisha akasema shamba letu si mbali.

"Mbali ni hatua ngapi, Mama?"

"Kitabu hakisemi."

"Mimi nimehesabu. Ni mia tatu na arobaini kwenda, na mia tatu na arobaini kurudi. Kwa Sista mwenye viatu si mbali. Kwa suke la uwele, Mama, aliyekwenda hizo hatua ni kama amekwenda Ulaya."

Akafunga kitabu. Nikadhani nimeshindwa. Kisha yule mama aliyenipa mayai kumi bila kupepesa macho akasema, "Na wewe utanipa nini?" Sikuamini masikio yangu. Nikasema nitafanya kazi ya ziada. Akasema kazi anayo. Nikasema nitaosha vyombo mpaka mwaka uishe. Akasema vyombo vina wenyewe.

"Nataka kimya chako," akasema. "Kutoka sala ya mwisho ya jioni mpaka sala ya alfajiri, kama sisi wote. Hata neno moja. Na kuku nao wamo."

Alikuwa anajua habari ya kuku. Nikasema nusu ya muda. Akasema wote. Nikasema mpaka mavuno. Akasema mpaka mwaka uishe. Nikaapa kwamba ananiua. Akasema, kwa Kiswahili cha Notburga, Mwenyezi Mungu anakuona. Nikakubali, na nilipotoka nilikuwa natabasamu kama mjinga, kwa sababu yalikuwa mapatano bora kuliko yote niliyowahi kushindwa.

Kuanzia kesho yake, kengele ilipolia watano walikwenda kanisani na wanne walibaki. Desturi yao ni kuimba zaburi kwa pande mbili, upande huu ubeti, upande ule ubeti, na Mama Mkuu hakutaka kuivunja, hivyo kanisa liliimba na shamba likajibu, hatua mia tatu na arobaini katikati. Upepo ukivuma vibaya walipishana, shamba likamaliza kabla kanisa halijafika katikati. Notburga alikuwa juu ya dungu, mikono ya kanzu imekunjwa, anaimba Kilatini kwa kifua kizima huku anazungusha kombeo, na kila mwisho wa ubeti anaachia donge la udongo. Kweleakwelea walikuja kwa kengele kama walivyozoea, wakakutana na kitu ambacho hawajafundishwa. Siku ya tisa migunga ilikuwa mitupu.

Nilidhani yameisha. Asubuhi moja Mama Nyemo alikuja na hakusema mbukwa wala hakucheka. Akasema ndege wetu wamehamia kwake, kwake na kwa nduguze wawili, na kwao hakuna masista tisa, yuko yeye na mama mkwe kipofu. Akasema, "Mmewafundisha nyie, mmewafukuza nyie, mimi ndiyo nimewalisha." Halafu akaenda zake. Mama Mkuu akawapeleka masista wawili kwake kutwa nzima mpaka mavuno, wakaimba huko nako, lakini sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuliwa.

Tulivuna. Tulipura, tukapepeta, nikahesabu vilindo, nikahesabu tena: vinane, na cha nane kimejaa mpaka mdomoni. Notburga aliniinua juu kama mtoto. Siku mbili baadaye Mama Mkuu akaagiza vilindo viwili vipelekwe kwa Mama Nyemo na nduguze. Nilipigana naye kwa kila nilichonacho. Nilimwambia nilisikia maneno ya Padre, najua ni vinane, akitoa viwili ametoa nyumba. Akasema anajua hesabu ya kutoa. Nikamwambia atoe kimoja. Akasema hapa hakuna bei. Vikaenda, vikabebwa na masista wenyewe kikapu kwa kikapu, na Mama Nyemo alipokea bila kushukuru, kama mtu anayepokea kilicho chake, ndipo nikaelewa kwamba ndivyo kilivyokuwa. Vikabaki sita.

Padre alifika jua likiwa limeshazama, homa imemshika, baada ya sala ya mwisho. Alikuwa anaondoka kabla ya alfajiri kuwahi gari moshi kwenda pwani kwa Askofu. Alitukuta mimi na Notburga tunafunga mlango wa ghala. Mle ndani palikuwa giza na yeye anatetemeka, hakuwa na hamu ya kuingia. Akauliza vilindo vingapi. Notburga alikuwa katika kimya chake, na mimi, kwa mapatano niliyoyaeleza, katika changu. Sitadanganya: nilifikiria kuinua vidole vinane. Nilivifikiria vizuri. Kisha nikakumbuka vikapu vikienda kwa Mama Nyemo, nikainua mkono mmoja na kidole kimoja. Sita. Na kwa kuwa mimi sijawahi kuhesabu kitu mara moja tangu nizaliwe, nikainua tena. Sita.

"Kumi na mbili!" akasema Padre. Akatoa kijitabu, akaandika palepale. Akasema Askofu hataamini.

Nilifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha, na neno hilo nilikuwa nimeliuza. Nikaufunga. Sijawahi kutimiza ahadi yoyote kwa furaha kama ile. Nikageuka nikamwona Notburga. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na mashavu yamevimba kwa kicheko anachokizuia, bega limeegemea mlango wa ghala mpaka bawaba zikalia, na sikujua, na mpaka leo sijui, kipi kilikuwa kikubwa zaidi, kicheko au woga. Naye alikuwa amesikia. Naye alinyamaza.

Alfajiri, Padre ameshaondoka, Notburga alikwenda kwa Mama Mkuu kabla yangu akasema kosa ni lake, yeye ni mtawa na alipaswa kuvunja kimya. Nikaingia nikasema vidole vilikuwa vyangu. Mama Mkuu alisikiliza, akaomba karatasi. Niliona anaandika tarakimu, kwa sababu kusoma nilishajua: sita, si kumi na mbili. Chini yake akaandika vinane vilikuwaje sita. Hakuandika kisingizio hata kimoja. Barua ikaenda kwa reli, na sisi tukaanza kufungasha. Notburga alifunga majembe kwa kamba, akayafungua, akasema ameyafunga vibaya, akayafunga tena. Ilichukua wiki tatu. Padre aliporudi alikuwa amepona homa na hakumtazama mtu usoni mpaka alipomkabidhi Mama Mkuu karatasi. Mistari miwili. Mama Mkuu alituita chumba cha kulia akatusomea: sita vimetosha, mwakani vinane, na jirani asipungukiwe. Kisha, na hili lilikuwa la Padre mwenyewe, alinigeukia mimi akasema anaomba mara nyingine nikihesabu, nihesabu mara moja.

Mwaka wangu uliisha mvua zilipoanza. Usiku wa kwanza mjini nilikuwa huru kusema nitakacho mpaka asubuhi, na nikajikuta nimekaa kimya, nasikiliza. Vita vya Wazungu vilikuja vikawaondoa masista wote. Aliyerudi ni Notburga peke yake, miaka mingi baadaye, nywele nyeupe chini ya kitambaa, na jambo la kwanza alilolifanya aliposimama mbele ya meza yangu sokoni ni kunitajia bei ya uwele iliyo nusu ya ile niliyoisema.

Jana tulimzika. Kengele ilipolia nilitazama juu ya migunga, na Sista Imakulata akatazama ninakotazama, akaona matawi tu. Ndipo nikamweleza, nikiwa nimeshika mkono wake njia nzima ya makaburini, na alipoelewa alisimama, akaziba mdomo.

"Kwa hiyo haikuwa kumi na mbili."

"Ilikuwa sita, mjukuu wangu. Alikuwa anahakikisha."

Wengine walipoondoka nilibaki kidogo pale udongoni. Nikainua mkono mmoja na kidole kimoja. Halafu nikainua tena.